Mchezo Wangu, Mashine ya Nyangeta

Kwenye matanga ya baba, nyumbani Suguti, siku ambayo watu walikuwa wamelia hadi wakachoka, bwana mmoja niliyesoma naye shule ya msingi aliinuka ili awachangamshe wenzake. Akavuta jiwe, akalikalia, akapinda mgongo, akaweka mkono gotini na kutazama mbele. Hakusema neno. Wale wa rika letu wakaanza kucheka mmoja mmoja, kisha wote, hadi wengine wakashika mbavu. Mama mmoja jirani aliyekaa nami mkekani akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akanigusa bega.

"Unaukumbukaga ule mchezo wa Nyangeta?"

Nikaitikia kwa kichwa. Kifuani kitu kikanichoma, kilekile cha zamani, kana kwamba sijawahi kukua, sijaolewa, sijazika wazazi. Mchezo ule niliutunga mimi. Kila neno lake lilitoka kichwani mwangu. Nyangeta alikaa tu juu ya jiwe.

Baba alikuwa fundi wa mashine ya kusaga ya kijiji. Nilizaliwa nyuma ya wavulana watupu, akanipa jina la mama yake, na kwa sababu hiyo hakuniita jina maisha yake yote. Aliniita "mama." Jioni alirudi nguo zimejaa vumbi la unga na harufu ya dizeli, akakaa kwenye kigoda karibu na jiko na kusema, "Haya mama, leo wamekuja akina nani?" Alimaanisha watu wa hadithi zangu. Tangu nilipojua kushika penseli nilikuwa natunga, na hakuna mtu aliyesikiliza kama baba. Alisikiliza kichwa kikiwa upande mmoja, vilevile alivyosikiliza injini. Kwangu mimi hiyo ilikuwa nafasi yangu duniani, na sikufikiri kama kuna mtu mwingine anaweza kuikalia.

Kisha ikaja ile miaka ya uhaba ambayo wenzangu wa rika hili hawahitaji kusimuliwa. Duka la kijiji likabaki na mizani na mwenye duka. Tulifua kwa majani ya mpapai. Betri za redio zilianikwa juani kama dagaa, labda zingepata nguvu ya kutupa taarifa ya habari. Lori likionekana mbali barabarani, watu walipanga foleni kabla hawajajua limebeba nini, na aliyekuwa na haraka aliweka jiwe mahali pake kwenye mstari akaenda shambani, na jiwe likaheshimiwa.

Ndipo mashine ikafa. Beringi iliyoshika mhimili wa kinu ilivunjika. Baba akaitafuta Musoma, akaitafuta Bunda, akaenda mpaka Mwanza, akarudi mikono mitupu. Wanawake wakayarudia mawe ya kusagia waliyokuwa wameyageuza viti vya kuku. Mama alianza kusaga udaga wa muhogo na mtama kabla hakujapambazuka, na viganja vyake vikapasuka hata akawa hashiki chumvi.

Mwaka huohuo Baba Mkubwa alifariki Bunda. Alikuwa fundi katika kiwanda cha kuchambulia pamba, na Nyangeta alikuwa binti yake wa mwisho. Mama yake alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo baba akamleta kwetu. Alishuka na furushi dogo, amevaa koti kubwa la marehemu lililomfika magotini, na jua lote lile hakulivua. Tulikuwa rika moja. Nilimtengea nusu ya kitanda changu na nusu ya shuka, nikijiona mwema sana.

Wema huo ulidumu hadi siku alipomfuata baba kwenye nyumba ya mashine. Alizunguka ile injini iliyolala, akagusa hapa, akagusa pale, akasema, "Baba mdogo, hii beringi si tuchonge ya mti?"

Baba akacheka. "Mti utaungua, mwanangu."

"Baba alikuwaga anachemsha kwanza kwenye mafuta. Mti mgumu. Ulikuwa unakaa msimu mzima."

Baba hakucheka tena. Kesho yake alikwenda kutafuta gogo la mti mgumu. Mafuta ya gari hayakuwepo, wakatumia ya sangara, ambayo wavuvi walikuwa wanayatupa. Kijiji kizima kikanuka mafuta ya samaki. Kuanzia hapo, kila tukitoka shule, Nyangeta aliweka madaftari na kukimbilia mashineni, na mimi nikapewa kazi ya kuwapelekea chakula.

Nilikuwa nawasikia kabla sijafika. Sauti ya baba ikisema kitu kirefu, kisha kicheko cha Nyangeta, kile kicheko chake cha kukoroma kama mbuzi. Nikiingia mlangoni, wananyamaza. Baba anafuta mikono, anapokea bakuli, anasema asante. Nilijua wananicheka mimi. Mtoto akishajua jambo la namna hiyo hahitaji ushahidi. Nilihesabu kila kitu: namna baba alivyomfundisha kushika tupa, namna alivyomwachia kipande cha samaki. Siku moja nikamsikia akisema, "Shika hapo, mama," nikageuka kwa furaha kumjibu. Hakuwa ananiambia mimi.

Nakumbuka siku hiyo nilisimama kando ya lile gurudumu zito la chuma lililo ubavuni mwa injini, nikauliza kwa hasira iliyojifanya swali, "Na hili lidude linafanya nini?"

"Linazunguka tu," Nyangeta alisema, akiwa na msumari mdomoni.

Baba akaona haitoshi. "Injini yetu, mama, inasukuma mara moja, kisha inakata pumzi. Haina nguvu mpaka isukume tena. Hapo katikati ingekufa. Gurudumu hili ni zito, likishaanza kuzunguka halikubali kusimama ovyo. Ndilo linaivusha."

Nilijibu "ehee" kama mtu asiyejali, nikachukua bakuli tupu.

Niliamua kumrudisha baba kwa kitu nilichokuwa nacho. Shule za msingi zilikuwa na mashindano ya michezo ya kuigiza Musoma mjini, na Mwalimu Rebeka alikuwa ametafuta mchezo bila kupata. Nikamwambia nitautunga. Niliandika nyuma ya karatasi za kalenda za zamani, kwa herufi ndogo ili karatasi zitoshe. Ulihusu foleni ya duka. Alikuwepo mke wa mkubwa anayepita mlango wa nyuma, mlanguzi mwenye mfuko uliofungwa kamba, kijana anayeuza nafasi yake na kuinunua tena. Na alikuwepo mzee. Huyo mzee nilimpenda kuliko wote. Aliingia mara kwa mara akatoa mawaidha juu ya umoja, tamaa na subira, kwa maneno mazuri, mengine nimeyaokota kanisani. Nilimpa hata namna baba anavyosema "ama sivyo?" mwisho wa sentensi.

Nilipomaliza nikaenda nao mashineni nimsomee baba. Nilikuwa nimefika pale mzee anapoingia mara ya kwanza.

"Ngoja kidogo, mama," baba akasema. "Nyangeta, nipe ile spana."

Nikangoja. Wakafunga nati moja, wakafunga ya pili, wakaanza kubishana juu ya mkanda. Nilikunja karatasi zangu nikaondoka, na hakuna aliyeniita.

Mwalimu Rebeka aliupenda mchezo, tukaanza mazoezi. Mzee aliigizwa na Mafuru, mtoto wa mwenyekiti, aliyekuwa na sauti nene. Siku ya kuonyesha mbele ya shule, mambo yalikwenda vizuri hadi mzee alipofungua mdomo. Watoto wa darasa la nne wakaanza kusukumana. Alipotoka wakatulia, aliporudi wakapiga miayo. Mwalimu mwenyewe alitazama dirishani. Niliona kwa macho yangu mchezo ukikohoa na kuzimika, ukikohoa na kuzimika.

Nyangeta alinikuta nyuma ya darasa.

"Huyu mzee anafanya kazi gani?" akauliza.

"Anawaonya watu."

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Akishawaonya, nani anabadilika? Nani anafanya kitu? Ukimtoa, mchezo unasimama?"

Aliuliza bila ubaya, kama anavyouliza kuhusu skrubu. Hilo ndilo lililonipandisha hasira. Baba alikuwa amemchukua, kitanda alikuwa amekichukua nusu, sasa amekuja na spana yake kwenye mchezo wangu.

"Na lile gurudumu lenu?" nikamfokea. "Linasaga? Linasukuma? Si linazunguka tu, ulisema mwenyewe! Mbona hamjalitoa mkaliuza chuma chakavu?"

Nyangeta akainamisha kichwa. Nilidhani nimemshinda. Alikuwa anafikiri, midomo yake ilicheza kama anayehesabu.

"Gurudumu ni zito," akasema polepole. "Mzee wako si mzito. Ana maneno mengi tu."

"Sasa atakuwaje mzito?" Swali lilinitoka kabla sijakumbuka kwamba nimemchukia.

"Mimi sijui hadithi. Lakini gurudumu halipigi kelele. Na haliingii na kutoka. Liko pale toka unapiga hendeli hadi unazima. Wako anaingia, anahutubia, anatoka. Mwache akae."

Niliondoka huku nikisema moyoni kwamba sitabadilisha hata nukta. Nikafika nyumbani, nikatoa karatasi, nikaanza kufuta.

Ilikuwa kama kunyonyoa kuku niliyemfuga mwenyewe. Mawaidha ya umoja yakaenda. Subira ikaenda. "Ama sivyo?" ya baba ikaenda, na hapo nililia. Mzee akabaki amekaa kwenye jiwe mbele ya duka tangu mwanzo, na foleni inapangwa nyuma yake, inagombana, inahongana, inasukumana, yeye kimya. Nilipomaliza, likabaki neno moja dogo ambalo sikujua pa kuliweka, pale mwanzo alipolalamika kwamba mguu unamuuma. Nilimwonyesha Nyangeta, maana hakuna mwingine ambaye angeelewa, na hilo nalo liliniuma.

"Ukifunga injini ukabakiwa na nati," alisema, "basi kuna mahali inadaiwa. Usiitupe."

Niliizungusha hiyo nati hadi nikapata mahali pake. Iliingia mwisho kabisa.

Mafuru alipoona mistari yake imefutwa akakataa. "Yaani nikae tu kama gunia?" Mwalimu Rebeka akatazama darasa zima, macho yakamwangukia Nyangeta, ambaye hata kwenye joto alikuwa ndani ya lile koti la marehemu. "Wewe," akasema. "Na koti lako." Nilitaka kupinga. Sikuwa na sababu ninayoweza kuitamka.

Kabla hatujaenda Musoma, mashine ikafufuka. Baba alipiga hendeli jasho likimtoka, injini ikakataa, ikakataa tena, mara ikatoa moshi mweusi na kuanza kudunda. Gurudumu likashika kasi. Beringi ya mti ilitoa mvuke wenye harufu ya sangara wa kukaanga, lakini ikashika. Wanawake walitoka mashambani na majembe begani, wakipiga vigelegele. Mama alichota unga wa kwanza, bado wa moto, akaupeleka puani, kisha akaubana kiganjani mwake kilichopasuka kama anayebana mkono wa mtu. Baba akamwinua Nyangeta juu mbele ya watu wote. Nilipiga makofi na wengine. Nilifurahi kwa ajili ya mama, hilo ni kweli. Lakini niliwaza pia: mimi nikimaliza kazi yangu, nani atakuja na debe kichwani kupanga mstari?

Tulikwenda Musoma juu ya lori la pamba. Ukumbi ulijaa wanafunzi, walimu, wazazi, na wakubwa wa ofisi viti vya mbele. Baba alikuja, akasimama ukutani kwa sababu viti vilikwisha. Nilikuwa nyuma ya pazia na karatasi zangu mkononi, tayari kumnong'oneza atakayesahau.

Pazia likafunguka. Nyangeta alikuwa amekaa kwenye jiwe, kofia imefunika nusu ya uso, mkono gotini. Foleni ikaanza kukua nyuma yake. Mke wa mkubwa akapita na kikapu chake, watu wakacheka. Mlanguzi akafungua kamba, wakacheka zaidi. Na kila kicheko kilipokaribia kufa, macho yote yalirudi kwa yule mzee aliyenyamaza, ukumbi ukashika pumzi, na mchezo ukavuka hadi kicheko kingine. Nilikuwa nauona unazunguka. Haukukohoa hata mara moja. Mwisho mwenye duka akafungua dirisha, akasema kwa unyenyekevu, "Mzee wangu, wewe ndiye wa kwanza. Unataka nini?"

Nyangeta akageuka taratibu, akatazama ile foleni ndefu kama ndiyo kwanza anaiona.

"Mimi? Mimi mguu unaniuma. Nilikaa kupumzika."

Kisha ukumbi ukalipuka. Mkubwa mmoja wa viti vya mbele alicheka hadi miwani ikaanguka, mwenzake akatazama chini. Watu walipiga miguu sakafuni. Na wote walimpigia Nyangeta. "Mzee! Mzee!" waliita. Hakuna aliyeuliza nani ametunga.

Baba alikuja nyuma ya ukumbi. Nilimwona anakuja haraka, mashavu yake yamelowa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona machozi ya baba. Nikapiga hatua mbele. Akanipita. Akamshika Nyangeta, koti na vyote, akamkumbatia, na Nyangeta naye, ambaye hakulia tangu alipoletwa kwetu, akalia kwa sauti kubwa kama mtoto mdogo.

Kisha baba akanigeukia. "Kaka alikuwaga anakaa hivyohivyo," alisema. "Akisikiliza injini. Mkono gotini hivyo. Mama, umenirudishia kaka yangu."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa alichokuwa anatafuta kule mashineni miezi yote ile. Alikuwa hatafuti mtoto bora kuliko mimi. Alikuwa anaitazama mikono ya ndugu yake. Lakini kuelewa hakukuzima moto, kwa sababu nilijua ukweli mwingine. Si mimi niliyemrudisha. Mimi niliandika tu: mzee amekaa. Kukaa kule Nyangeta alikuja nako mwenyewe kutoka Bunda.

Tulipokuwa tunarudi juu ya lori, upepo wa ziwa unatupiga usoni, Nyangeta alivua kofia akasema bila kunitazama, "Sasa labda baba mdogo ataacha."

"Ataacha nini?"

"Hadithi zako! Kila nikishika tupa anaanza. 'Mwenzako katunga fisi aliyekwenda kuungama. Mwenzako katunga bibi harusi aliyesahau jina.' Kutwa nzima. Nyingine nacheka, kweli, ile ya fisi nacheka. Lakini nilikuwa nachoka. Nikifunga hata injini nzima, yeye anasema mwenzako, mwenzako."

Nilimtazama. Kwa hiyo ndicho walichokuwa wanakicheka. Ningeweza kumhurumia, au kumshika mkono. Nilichohisi kilikuwa furaha safi, ya kikatili kidogo, kujua kwamba naye alikuwa anaungua. Nikasogea, tukakaa bega kwa bega hadi Suguti.

Beringi ya mti ilikaa msimu mzima, kama Baba Mkubwa alivyokuwa akisema, wakachonga nyingine. Baadaye biashara ikaachiwa huru. Maduka yakajaa sabuni za kila rangi, na mfanyabiashara mmoja akaleta mashine mpya inayosaga laini na haraka. Wanawake wakahamia huko, na sikumlaumu hata mmoja. Baba aliendelea kuipiga hendeli ile ya kijiji kwa wateja wachache, hadi siku moja hakwenda. Nyangeta alirudi Bunda kujifunza kuchomelea, na leo ana karakana yake Manyamanyama, hukohuko Bunda, anatengeneza mashine za kusaga na za kupukuchua mahindi. Mimi nilikwenda chuo cha ualimu, nikawa naandika usiku watoto wakilala. Kila hadithi ikikwama najiuliza: huyu anafanya kazi gani, ukimtoa inasimama? Swali hilo limenilisha miaka yote, na sijapenda kamwe kwamba si langu.

Kitabu changu cha kwanza kilipotoka nilimpelekea Nyangeta. Akapiga simu baada ya kukisoma. "Kizuri," alisema. "Ila kurasa za mwanzo zinazunguka bure. Kingeanzia pale mama anapofungua mlango." Nilikaa na hasira mpaka kilipochapwa tena. Toleo la pili linaanza mama anapofungua mlango.

Kwa hiyo aliponiita nikaone mashine mpya aliyoibuni mwenyewe, nilikwenda nimejiandaa. Ilikuwa imesimama katikati ya karakana, ndogo, nadhifu, imepakwa buluu. Akaiwasha. Ilisaga bila kutikisika, kwa sauti tulivu kiasi kwamba tuliongea bila kupaza. Akaizima, akafuta mikono, akasubiri. Nikaizunguka taratibu, nikachungulia chini, nikapapasa mkanda, nikatafuta kitu kimoja tu ambacho ningemwambia akitoe. Sikukiona.

"Rangi yake mbaya," nikasema.

Nyangeta akaitazama mashine yake, akanitazama mimi, akaenda rafuni kuchukua brashi.

"Haya," akasema. "Unataka rangi gani?"